Baiskeli ya Kike ya Baba Mkwe

Mwenzangu uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Si unajua baba mkwe tangu aumie nyonga hawezi kuvusha mguu juu ya lile bomba la baiskeli yake? Nikaona nimnunulie nyingine, zile ambazo fremu imeshuka katikati, mtu unapitisha mguu tu unakaa.

Leo fundi kaileta mwenyewe. Mzee yuko kibarazani anatuangalia. Fundi naye mdomo hauna breki, ananiuliza kwa sauti, "Mama, ile ya kike uliyoagiza si ndiyo hii?"

Ya kike. Mzee yuko pale pale.

Nikataka kuweka mambo sawa, ndipo nikajimaliza. Nikasema, "Baba, siku hizi hata wanaume wasiojiweza wanapanda hizi."

Wasiojiweza, mwenzangu. Kwa baba wa mume wangu. Sijui neno lenyewe lilitoka wapi.

Hakugomba, bora angegomba. Alimwambia fundi kwa upole, "Mpe mwenyewe, mimi yangu ipo ndani." Akaingia, akatoka na lile libaiskeli lake, akalipangusa vumbi, akaniaga kama kawaida, eti anafika kwa kinyozi mara moja.

Niko dirishani. Nikimwita nitamwambia nini? Nikinyamaza je?

Bado hajalipanda. Analisukuma tu kando ya barabara, na kila akikutana na mtu anasimama, anainama, anajifanya anaminya tairi.