Nyekundu ya Mama Ilikwenda Wapi?

Mdogo wangu Hadija,

Soma barua hii umekaa, maana mimi nimeiandika nimesimama, kwa hasira. Na nimeiandika wazi, kila mtu aisome, makusudi. Ujumbe wa simu unaujibu kwa picha ya kidole gumba, basi.

Mwezi jana mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hapa Garsen alinifuata gereji ninakolaza lori. Anataka uje likizo hii uzungumze na wasichana wake wa kemia. Nikamwambia, "Mwalimu, hesabu ameshafika." Kwa kuahidi sina mpinzani, toka hapa mpaka soko la Kongowea. Nikakupigia palepale nilipofika nyumbani, simu kwenye spika, Mama kando anasuka mkeka. Ukasema, "Kaka, nitawaambia nini? Kazi yangu bado haijafika pa kusimuliwa."

Haijafika!

Mama aliweka mkeka chini, akatoka kwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku, Hadija.

Umesahau kule Ndera tulikokulia? Mama akichemsha ukindu wa mikeka kwa zile rangi za pakiti, nyekundu na zambarau, kisha anauanika kivulini. Kila mtoto wa msusi anajua kwamba ukindu wa rangi hauanikwi juani. Wewe ukaupandisha juu ya mabati, ati ukauke upesi, ukauwekea sahani ya bati usipeperuke, ukasahau. Siku nne! Mama alipouteremsha, nyekundu yote imekufa, imesalia duara tu pale sahani ilipokaa. Akashika mwiko. Nawe, badala ya kukimbia kama mtoto mwenye akili, ukasimama unauliza:

"Mama, nyekundu imekwenda wapi? Mbona zambarau imebaki?"

"Imeliwa na jua! Na wewe utaliwa na huu mwiko!"

Mimi nilicheka mpaka nikaanguka. Mwiko ukanishukia mimi.

Leo uko ng'ambo na kazi yako ni hiyohiyo, rangi na mwanga. Uliponieleza nilielewa kuliko maprofesa wako. Rangi ni kama dalali wa mnada wa ng'ombe: inapata nguvu kwenye mwanga, inawakutanisha waliokuwa hawasemezani, wakishaungana yenyewe inabaki palepale ikingoja wengine. Ukasema viungo vya dawa vinaweza kutengenezwa hivyo bila moto mkali wala sumu nyingi ya kumwaga, na kwamba maabara za nchi nyingi sasa zinafuata njia yako. Nimelitangaza hilo kila kizuizi cha polisi nilichopita na lori langu la maembe. Askari mmoja aliniambia, "Pita mzee, mzigo huo hatuwezi kuukagua."

Halafu wewe, mwenye mali, unasema haijafika. Unaona haya ya nini? Ya sahani ya bati?

Basi shuleni nilikwenda mimi. Ndiyo, mimi, niliyeishia darasa la sita, shati limepigwa pasi. Nilikuwa nimeanika ukindu juu ya mabati ya gereji siku nne, sahani juu yake, ileile ya Mama. Nikawapa wasichana habari ya dalali, wakacheka vizuri. Nikawaonyesha duara jekundu. Nikajiona profesa, nikaweka na mikono mfukoni.

Ndipo msichana mmoja wa Chara, kakaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono.

"Mzee, hiyo nyekundu imekwenda wapi? Na kwa nini zambarau imebaki?"

Mimi, ambaye toka Bura mpaka Mombasa hakuna aliyewahi kuninyamazisha, nikaitoa mikono mfukoni. Nikasema, "Mwenye jibu anakuja."

Akafungua daftari, akashika kalamu. "Lini?"

Nilirudi nyumbani, Mama akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia swali lile. Akainuka, akabandika sufuria ya rangi. Nyekundu. Nimekuudhi, najua, na bado sijamaliza kukasirika. Lakini chumba chako nimekipaka chokaa, na maembe ya kwanza ni yako kama zamani.

Mimi nijibu kwa kidole gumba ukitaka, nimezoea. Yule msichana bado ameacha nafasi kwenye daftari. Yeye njoo umjibu kwa mdomo wako.

Kaka yako,
aliyekula mwiko wako.