Koti ya Kufunga Mugongoni

Jalandhar, India, tarehe 11 Januari

Mama Josias,

Natumaini hapo nyumbani Katoyi mumeamka vizuri na mutoto amerudi masomoni. Huku niko muzima, ni baridi tu.

Juzi niliazima pikipiki ya mwenzangu wa chuo nikaenda Amritsar, muji mutakatifu wa Wasikh. Ukungu ulikuwa muzito. Nilivaa koti kinyume, vifungo vikae nyuma, kama sisi motari, wabeba abiria kwa pikipiki, tunavyovaaka kwenye njia ya Rutshuru, ili upepo usipige kifua. Lakini mikono yangu haikufika. Nyumbani ni wewe ulikuwa unavifunga kila asubuhi pale mulangoni, halafu unanipiga mugongoni kidogo: "Nenda sasa, Papa Josias." Nilienda kilomita makumi nane mugongo wazi.

Kwenye hekalu lao unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa miguu. Kisha wanakukalisha chini pamoja na watu wote, wanakupatia chakula bila kuuliza wewe ni nani. Wakati wa kutoka, muzee mumoja mwenye kilemba aliniona nikihangaika na koti. Akavifunga vifungo vyote polepole. Nililia mbele ya watu.

Dada yangu Kahindo ameniandikia kwamba Gauthier, yule niliyemuachia pikipiki yangu, siku hizi asubuhi anatoka kwenye mulango wetu. Sitaki kuuliza mengi.

Niambie tu: koti yake, nani anamufungia?

Ni mimi,
Florent