Harufu Niliyoiita Mama

Madale, Jumapili

Mama mdogo Bernadeta, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu mwingine. Tangu nifanyiwe upasuaji wa kutoa vinyama puani, harufu ya mama naisikia ya kigeni, kana kwamba nimekumbatiwa na jirani.

Hapa nyumbani wote wanafurahi. Pua yangu iliziba tangu nilipoanza shule, basi sasa kaka Petro ananifumba macho na kuniletea soksi zake. "Nusa, sista, uone ulichokosa!" Mama ananinusisha ndimu, kitunguu, hata mafuta yake ya nywele.

Korosho ulizotutumia zilifika juzi, zimefungwa kwenye kanga yako kuukuu. Nilipoifungua nikasikia moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Nikauficha uso wangu humo, nikasema "mama" kwa sauti.

Mama akaitika kutoka jikoni, "Bee, mwanangu?"

Akaja, akanikuta bado nimeishika kanga usoni. Aliitazama, akanitazama na mimi, kisha akauliza kama nitakunywa chai.

Najua ulinilea Masasi kabla sijaanza shule, mama akitafuta maisha huku. Lakini mama ndiye aliyeshinda nami wodini, akinifuta damu puani. Nampenda sana. Mbona pua yangu inakuchagua wewe?

Leo nimeifua kanga. Nilipoianika nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Mama akikupigia na kukuuliza, tafadhali usimwambie. Libaki letu wawili.

Jesca,
mtoto wa dada yako