Gobore la Mwezi

Jumamosi, 1 Machi
Babu tumemzika leo mchana. Jana jioni alikuwa uani anatafuta mwezi wa Ramadhani, gobore begani ili aupigie mlio ukiandama, kama kila mwaka. Wingu tupu. Akasema basi, kesho. Alfajiri hakuamka.
Jioni hii mwezi umeandama. Kijiji kizima cha Kiegeani kikatega sikio — kimya. Mpaka watu wakaambiwa na redio. Bibi Kijakazi kaingia eda. Mimi nimechoka mpaka kope. Taufiki anaota jino, na ziwa langu ndilo analojaribia.

Jumatano, 5 Machi
Shehe kaja kuzungumza mirathi. Mjukuu harithi akiwapo mtoto wa kiume wa marehemu, na baba yangu alitangulia zamani. Kwa hiyo, ukitoa thumuni ya Bibi, minazi ni ya Ami Mudrik. Sawa. Nikawa nainuka kwenda kutazama uji wa futari. Shehe akaniita: kaa binti, wewe una wasia.
Moyo ukaruka! Cherehani? Yule mbuzi jike?
Gobore.
Wenzangu wanaachiwa mikufu. Ami Mudrik kacheka mpaka kikohozi kikampanda. "Haya, mwanajeshi wetu, shika lindo!" Bibi hakucheka. Kasema kule ndani, kwa sauti ya kusikika, kwamba marehemu alijua anampa nani.
Sadick kapiga simu kutoka kazini Utende. Nimemwambia. Kauliza kama sasa akichelewa kurudi abishe hodi kwa mbali. Mume gani huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelitundika juu ya kitanda cha binti yangu Amina. Hapana msumari mwingine wa maana nyumba nzima. Amina kafurahi, analiita "fimbo ya Babu Mkubwa".
Kusema kweli si bunduki ya kutisha mtu. Babu alilichukua kwa baba yake ili afukuze nguruwe kwenye mihogo. Nguruwe wakazeeka wakafa kwa maradhi yao. Kitu kimoja tu limewahi kuua: sufuria la Bibi, lililokuwa limeanikwa uani. Bibi hakulitupa. Mpaka leo anachujia tui.
Kitako kimefungwa waya wa baiskeli. Kazi ya baba hiyo. Alikivunja utotoni kwa kuangulia mapapai, akakifunga mwenyewe haraka kabla Babu hajarudi kutoka shamba. Babu aliona siku ileile. Hakusema neno mpaka baba amekuwa mtu mzima na mke na mimi mgongoni. Sura ya baba siikumbuki vizuri, nakumbuka ya kwenye picha tu. Waya ninaushika. Umezungushwa vizuri, mwishoni kaukunja ndani ili usichome mtu.

Jumapili, 9 Machi
Ya Rabi!
Leo nilitaka kulisafisha, kama alivyonifundisha Babu. Unatia ufito wa kushindilia mdomoni mwa mtutu. Likiwa tupu, ufito unazama wote mpaka kwenye alama. Likiwa na kitu, unabaki nje kama upana wa vidole vinne.
Ulibaki nje vidole vinne.
Ile Ijumaa yake ya mwisho Babu alishalishindilia. Baruti na makumbi ya nazi, tayari kwa mwezi ambao hakuuona. Na mimi nimelilaza juu ya kichwa cha mwanangu! Nililitoa msumarini, na Amina analia anataka fimbo yake. Nikamfokea. Halafu nikambeba.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemuuliza Bibi. Wala hakushtuka. Anajua siku zote. Kasema ya mwezi haitiwi risasi, ni mlio tu. Na fataki ya kuliwashia anayo yeye — imefundikwa pindoni mwa kanga yake. Bila fataki, kasema, hata ukaligonga kwa nyundo halilii.
Nikamwambia Bibi, si ungesema basi.
"Ningesema, mngeitoa baruti."
Kisha, akiwa amenipa mgongo: kwamba mumewe ameondoka na mlio wake haujatoka. Kwamba amemsikia miaka yote akiutangaza mwezi, na mwaka huu yumo edani, hawezi kutoka uani kuutazama. "Lakini masikio hayakai eda, mjukuu wangu."
Nimelisogeza chini ya kitanda chake yeye.

Jumatano, 12 Machi
Kuna mtu kapeleka habari polisi. Kaja Afande Mathias na pikipiki. Mtu wa bara, mpole, anaanza kila kitu na samahani. Samahani dada, gobore halina kibali. Samahani, mwenyewe ameshafariki, inabidi likabidhiwe kituoni.
Nikamwambia linayo baruti ndani. Alirudi nyuma mpaka kwenye banda la kuku!
Hawezi kulifunga kwenye pikipiki hivyo. Akasema basi tulipige hewani liishe. Nikamweleza: likilia leo, kijiji kizima kitajua kesho Idi. Watafungua. Akadhani namtania. Akasema basi mlimiminie maji, baruti ilowe.
Sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha: "Hata shikamoo hujatoa, unataka kummwagia maji marehemu?"
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba. Maji hapana."
Wakaanza kubishana, yeye na pazia. Taufiki analia, futari inaungua. Ndipo nikasema, mwenye mali ni mimi. Litapigwa jioni mwezi ukiandama, na jioni hiyohiyo Afande atalichukua. Mwanangu kalala chini ya baruti siku mbili, sitaki ya tatu. Afande kakubali, kasema mpaka siku hiyo yeye hajaliona.
Nyuma ya pazia, dirisha likafungwa.

Jumapili, 16 Machi
Alasiri lori la nazi limepasuka tairi pale kwenye kona. Paa! Jirani yetu Zuhura alishakunywa kikombe kizima cha maji kabla hajatoka nje kuuliza. Ramadhani iko katikati, usiku mwezi ni sahani nzima, na mtu anauliza mwezi umeandama! Ami Mudrik naye alikuwa na andazi mkononi. Kasema alikuwa analinusa.
Nimemtumia Afande ujumbe: umeona sasa?
Kajibu: Samahani.

Jumamosi, 29 Machi
Bibi hanisemeshi vizuri. Ni "mm" na "haya" tu. Leo nilipompelekea chai nimemkuta kakaa kitandani, gobore mapajani, analipaka mafuta ya nazi. Polepole, kuanzia juu kushuka, kama alivyokuwa akimpaka Babu miguu. Nikaweka kikombe nikatoka.
Ami Mudrik kapita kutangaza kwamba kesho atapiga yeye, mwanamke hapigi gobore la mwezi. Sawa, ami. Amri yako.

Jumapili, 30 Machi
Naandikia kibarazani, daftari juu ya goti, kalamu ya Amina ya rangi. Magharibi imeshaadhiniwa. Watu wamejaa uani kwetu, wanakula tende huku shingo juu. Afande Mathias kaja na kamba na gunia la kulifungia. Gobore limelala mkekani mbele yangu.
Ami Mudrik alilishika kidogo. Akauliza baruti ikikaa mwezi mzima inakuwaje. Nikamwambia sijui, ami. Kiuno kikamuuma papo hapo. Kwa hiyo ni mimi. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mwanamke.
Fataki Bibi kanipa kupitia dirishani. Kaifundua pindoni kwa meno. Iko kiganjani mwangu mwa kushoto, ndogo kama punje ya mtama.
Wingu limeziba. Redio haijasema. Zuhura anauliza kesho apike pilau au asipike. Afande kanyoosha kidole, kasema samahani, si ule pale? Uwanja mzima umegeuka kutazama nyota ya Afande.
Bibi kaniita kutoka nyuma ya pazia. "Furaha. Bado?"
"Bado, Bibi."
Kisha, chinichini, nisikie mimi tu: "Basi usiuone upesi. Likishalia wanalichukua."
Mwezi mzima hajaniomba kitu.
Wingu limechanika upande wa ule mnazi uliokatika kichwa. Uko pale. Mwembamba kama kipande cha ukucha wa Taufiki. Watu wote bado wamegeukia kwa Afande, wanambishia. Nimeuona tangu mstari wa juu huko. Kidole gumba changu kiko juu ya waya wa baba, fataki inaloa jasho, na sijasema bado.