Mniachie Mstari Mmoja Langoni

Kwa mtoto wangu Wambui, mwenye jina la mama yangu,

Mmeamkaje huko Giakanja? Kifua cha baba yako kimepoa, ama bado anakohoa na hiyo baridi? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Ni roho tu inakaa kama kuku aliyefunikwa na kikapu.

Wambui, sitafika kwa ruracio yako. Nimeomba tena. Mama wa hii nyumba ameniuliza, "Ukienda, nani atapika?" Pasipoti yangu iko kwa kabati yake, na simu ananipa akipenda. Siku hiyo watu wa kijana wakileta mahari, wasimame nje wakiimba wafunguliwe, nyinyi ndani mkiwajibu kwa wimbo, mimi nitakuwa nimefungiwa na lango ingine huku Uarabuni, na hakuna anayeniimbia.

Na vile nilikuwa nimejifunza! Unajua langoni mimi ni wa kuitikia tu, nyuma kabisa. Lakini mama ya msichana akikosa maneno, wageni watamcheka mpaka waende kwao. Kwa hivyo nilianza peke yangu nikiosha sufuria. Nikatunga mistari, nikaikariri kama ya Biblia. Sasa, kwa dirisha linaloangalia letu anafanya kazi Karimi, mama wa Meru. Siku moja akaniimbia kwa Kiswahili, ati yeye ni mgeni:

"Tumechoka, wenye boma, mlima umetupanda, fungueni!"

Nami nikatoa mstari wangu niliokariri, wa kuuliza mbuzi wamekuja wangapi. Karimi akacheka akashikilia dirisha. "Mama Wambui! Nakuambia nimechoka, wewe wanihesabia mbuzi? Nisikize kwanza!"

Hapo ndipo nilielewa. Jibu halitoki kwa kichwa yangu, linatoka kwa mdomo wa aliye nje. Siku hizi nangoja neno lake la mwisho, nalishika, namrudishia likiwa na pilipili: "Aliyechoka na lango tu, binti yangu atambebaje?" Ananipigia makofi, mwanangu. Mimi!

Sasa Karimi amemaliza mkataba. Ndiye amekuletea hii barua. Namfurahia, halafu naangalia lile dirisha nalia. Nani atanijibu?

Mpokeeni vizuri. Shangazi yako amsimamishe ndani, upande wetu, Karimi aongoze nyimbo mahali pangu. Kikuyu yake ina Kimeru mingi, mtacheka, wacheni. Ananijua nikiimba.

Lakini kuna mahali atanyamaza. Hapo ni mstari wangu, asiingie mtu, hata shangazi yako na vile kunyamaza kunamshinda. Mchana wa huku na wa huko ni mmoja. Nitakuwa kwa sinki, nimefungulia maji yapige kelele, naimba. Ngojeni nimalize, ndio mfungue.

Salimia baba yako, avae ile sweta. Salimia shangazi, na bibi ya mchungaji anayetuombea. Na huyo kijana wako mwambie simchukii, ni wimbo tu.

Ni mimi mama yako, niliye ndani ya lango.