Gari la Mama na Madirisha Yenu

Nyumba ya uani, nyuma ya duka la vitambaa
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na baridi ya huko imeanza kukuzoea. Mimi sijambo. Goti la Mama linapanda ngazi bila kulalamika sana, na paa la jikoni, lile ulilolitengeneza kwa bati moja na maneno mengi, bado linavuja palepale.

Nakuomba usiisome barua hii peke yako. Jumapili mtakapokutana kwa Baba Mkubwa, simama uisome kwa sauti, maana nimeiandika kana kwamba nami nimesimama katika sebule hiyo. Kwa hiyo naanza kwa adabu. Baba Mkubwa, mkuu wa ukoo wetu, shikamoo. Shangazi, uliyetufundisha kula kimya na kucheka kwa sauti, shikamoo. Mashemeji na wifi zangu, nawaheshimu. Wadogo zangu, na watoto mlioketi sakafuni kwa kukosa viti, nawapenda. Naomba mnivumilie mpaka mwisho bila kunikatiza.

Jambo lenyewe ni hili: Mama anaamini ameshinda gari.

Miezi michache iliyopita alipigiwa simu na mtu aliyejiita Meneja wa Zawadi. Akaambiwa namba yake imechaguliwa katika droo kubwa, na kwamba asimwambie mtu yeyote mpaka siku ya makabidhiano, ili wivu usiharibu bahati. Mama hakuwahi kushiriki droo yoyote. Nilipomuuliza ameshindaje mchezo ambao hakuucheza, alinitazama juu ya miwani, akasema, "Wewe umesoma miaka yote hiyo, hujawahi kushinda hata sahani. Niache mimi nishinde."

Mnaweza kujiuliza, kama nilivyojiuliza, imekuwaje mwanamke anayejua bei ya kila kifungo sokoni akanaswa kirahisi namna hiyo. Jibu nimelipata kwenye meza yake ya kushonea. Mnakumbuka kuwa Mama hakati kitambaa cha mtu kabla ya kupokea arbuni, yaani ile sehemu ya malipo inayotangulia kazi. Kwake, fundi asiyedai arbuni si fundi. Basi Meneja alipomwambia kwamba gari haliwezi kutoka mpaka alipie kwanza ada ya usajili, sisi wengine tungekata simu. Mama alitulia. Alimwona ni mtu wa kazi, mwenye utaratibu kama wake.

Baada ya usajili ikaja bima. Baada ya bima ukaja ushuru wa bandarini, kisha faini ya kuchelewesha ushuru. Kila malipo yalikuwa ya mwisho. Na kila nilipomsihi aache, alinionyesha lile gauni la harusi linaloning'inia nyuma ya mlango, ambalo bibi arusi aliliachia arbuni na hakurudi tena. Amelitunza kwenye mfuko wake miaka yote hii, analipiga pasi kila mwaka. "Mimi sijauza kitu cha mtu aliyeniachia arbuni," ananiambia. "Kwa nini nimdhanie mwenzangu ubaya?"

Mchango mliotuma kwa ajili ya operesheni ya jicho lake umeishia hukohuko. Naliandika hili kwa uchungu, na naomba yeyote asimpigie Mama kumkaripia. Daktari amesema mtoto wa jicho amekomaa, na kwamba jicho la kushoto halina muda wa kutungoja.

Msidhani nimekaa tu. Nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, akaandika, akapiga mhuri, halafu akaniambia kwa upole kuwa mama yake mkwe naye ameshinda jokofu. Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu. Wakaifunga ile namba, na asubuhi iliyofuata Meneja alipiga kwa namba nyingine, akamwambia Mama wamehamia ofisi kubwa zaidi. Siku moja niliipokea simu mwenyewe. Nilijiandaa kumshukia kwa maneno makali. Yeye akasema taratibu, "Dada, tafadhali usitie mkosi siku ya mama," kisha akaniomba nimpe mwenye simu, maana hajamjulia hali ya goti.

Ndiyo, goti analijua. Humpigia kila asubuhi kabla ya chai, na Mama huvaa kitambaa safi cha kichwa kabla ya kupokea, ingawa simu yake haina picha.

Sasa niwaambie nilichokikuta wiki iliyopita. Niliingia chumba cha kazi nikamkuta ameinama juu ya cherehani, uso karibu kugusa sindano, anashona kava za viti vya gari. Alikuwa amemuuliza Meneja vipimo, naye akavitaja bila kusita. Kitambaa alichotumia ni kile cha bluu alichokiweka akiba kwa ajili ya nguo zake mwenyewe. Mishono inakwenda upande, maana jicho haliuoni mstari. Mama, ambaye alikuwa akitufumulia mshono mzima kwa kosa la nukta moja. Nilishika kava moja nikaisifu. Nifanye nini kingine?

Siku hiyohiyo alinieleza kwamba limebaki jambo moja tu, malipo ya dereva wa kulileta gari, na kwamba ataiuza cherehani. Fundi wa mtaa wa pili atakuja kuichukua mwisho wa mwezi. Nilijitolea kuinunua mimi. Akacheka. "Wewe uifanyie nini? Hata kifungo chako nakushonea mimi." Ni mali yake, ameipata kwa mikono yake, na sina sheria wala haki ya kumzuia.

Kabla sijafika mwisho, nawaonya nanyi. Meneja amemwomba Mama majina na namba za watoto walio mbali, eti waalikwe kwenye makabidhiano, naye amezitoa kwa furaha. Atakapowapigia atakuwa na adabu kuliko sisi sote. Atalijua jina la Mama na goti lake. Atawaharakisha, maana haraka ndiyo mtaji wake, hataki mtu apate nafasi ya kumuuliza jirani. Zawadi ya kweli haidai ilipiwe ndipo itoke, na hakuna ofisi inayohitaji kujua namba yenu ya siri, hata tarakimu moja. Mkisikia neno siri, au neno leo hii, kateni simu bila kumuaga. Shangazi, najua kukata simu bila kuaga kutakuumiza. Jikaze.

Basi naufikia uamuzi, na Baba Mkubwa ataniwia radhi kwa kuutamka mbele yake. Nimekubali kwamba hakuna maneno yatakayomtoa Mama kwa Meneja. Kilichobaki ni utaratibu wake mwenyewe. Mama hajawahi kuacha kazi aliyokwisha kuipokea, wala kumrudishia mteja kitambaa ambacho hakijakatwa. Kwa hiyo kila mmoja wenu, mkitoka hapo, apime madirisha ya nyumba yake, urefu na upana, na vipimo avikabidhi kwa Baba Mkubwa. Vitambaa vilipiwe kwa mwenye duka hapa mbele. Pesa isipite kwenye simu ya Mama. Baba Mkubwa ampigie Mama, shemeji yake, kabla ya mwisho wa mwezi, amwagizie mapazia ya ukoo mzima, na aweke sharti kama mteja kwamba hataki mishono ya jicho bovu: kwanza operesheni, kisha kazi. Mchango mpya wa jicho ulipwe hospitalini moja kwa moja.

Mapazia hayo yawe ya kweli na yatundikwe kweli. Sitaki adanganywe na sisi pia. Wala siahidi kwamba itatosha. Huenda cherehani ikabaki, na Meneja naye akabaki, na kesho kabla ya chai simu italia tena. Ila mwenye kitambaa cha watu mezani hauzi cherehani, na hilo ndilo jambo pekee ninalolijua kwa hakika.

Kitindamimba, ukimaliza kusoma, mpe Baba Mkubwa futi ya kupimia, uketi. Nisalimie Shangazi, wifi zangu wote, na yule mtoto wako asiyependa viatu. Mungu awalindie milango yenu na simu zenu, awape usingizi mzuri nyuma ya mapazia mapya.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama bado unajua kuendesha gari.

Mimi nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,
Dada yako mkubwa