Watu Hawafi kwa Msimu

Palionero,
9 Machi 2019

Mpendwa shemeji Stamatis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Melbourne? Goti lako limepata nafuu? Mimi ni mzima, nakula, nalala kidogo. Mlozi wa uani umechanua. Kila mwaka Argiris ndiye aliyekuwa akinitangazia. Mwaka huu nimeuona mwenyewe.

Asante kwa kupiga simu siku ya arobaini ya ndugu yako. Ngano ya kumkumbuka marehemu niliipika kama alivyoipika mama yenu, yenye komamanga tele.

Sasa kuna jambo linaniunguza. Wakili wa manispaa ametutumia sisi warithi, mimi na wewe, karatasi ya kutia sahihi kwamba tunaiacha kesi ya Argiris. Akanipigia na simu, kwa sauti laini: "Mama, marehemu hahitaji kazi." Nilimkatia.

Argiris alianza kuchimba makaburi ya mji huu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila mara walimpa mkataba wa miezi minane, na kila mkataba ulisema ni kwa mahitaji ya muda. Alipowashtaki, wakili huyo huyo alisimama bila haya akasema kuzika watu ni mahitaji ya muda. Fani, aliyekuwa akichimba naye, akaropoka kutoka nyuma: "Kumbe sisi tunakufa kwa msimu, kama matikiti!"

Hakimu alimnyamazisha, lakini aliinamisha uso ili acheke. Kisha akaamua: kazi ni ya kudumu, basi na mwenye kuifanya ni mfanyakazi wa kudumu. Argiris alinunua lukumi, zile peremende laini, akagawia ofisi nzima ya manispaa, hata wakili. Mtu yule akachukua mbili!

Na bado wakakata rufaa, wakamwachisha kazi. Alishinda jikoni akinoa sepetu isiyo na pa kwenda. Moyo wake haukuingoja rufaa.

Shemeji, tukitia sahihi, hukumu ile imekwisha, na Fani na wenzake hawatakuwa na cha kushikilia. Na Argiris atabaki mtu wa muda ndani ya kaburi la muda, maana hata hilo wamempa miaka mitatu tu, kisha mifupa itolewe. Fani ndiye aliyemchimbia, naye yuko kwenye miezi minane yake. Aliniambia, "Dada, pembe nimezinyoosha kama alivyonifundisha. La sivyo angenisuta."

Usitie sahihi. Yangu nimeichana nikawashia jiko.

Nisalimie Despo na mapacha wenu. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake. Jumapili mkiingia kanisani, mwashieni Argiris mshumaa, mseme jina lake kwa sauti. Na mimi huku mnikumbuke.

Shemeji yako akupendaye,
Polixeni